Sheria imepita, lakini nyangumi waliobaki mabwawani waende wapi?

Mama Nasra, Hamilton, Ontario

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Naomba mawazo ya wenye ujuzi wa bahari, na ya yeyote aliyewahi kulifikiria jambo hili kwa makini, kwa kuwa nimeulizwa swali na mwanangu wa miaka tisa na nimeshindwa kumpa jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe.

Tunaishi karibu mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Niagara Falls, ilipo bustani ya Marineland, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa maonyesho ya nyangumi na pomboo. Juni 2019 Bunge la Kanada lilipitisha sheria inayokataza kuwaweka viumbe hao kifungoni kwa ajili ya burudani, kuwazalisha, kuwakamata baharini, na kuwaingiza au kuwatoa nchini bila kibali. Anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi dola 200,000 za Kanada. Wale waliokuwa tayari mabwawani siku sheria ilipoanza waliachwa wabaki walipo. Mmoja wao alikuwa Kiska, orka jike aliyekamatwa karibu na Iceland mwaka 1979. Alizaa ndama watano na wote wakafa, na tangu 2011 aliishi bila orka mwenzake hata mmoja mpaka alipokufa Machi 2023.

Kufikia Oktoba 2025 walikuwa wamebaki beluga 30, wale nyangumi weupe wa bahari za barafu. Bustani haijapokea wageni tangu kiangazi cha 2024 kilipokwisha, na iliomba kibali cha kuwapeleka beluga wote katika bustani ya Chimelong nchini China. Oktoba hiyo waziri wa uvuvi alikataa, kwa hoja kwamba huko wangeendelea kutumika katika maonyesho. Bustani ikajibu kuwa haina fedha za kuwatunza, na kwamba bila msaada wa dharura huenda ikalazimika kuwaua.

Mwanangu alipoyasikia hayo akaniuliza, "Mama, kwani si wafunguliwe tu waende baharini?" Baba yake akamuunga mkono, akasema kwamba mtu aliyefungwa bila kosa hahamishiwi jela nyingine, hufunguliwa mlango.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Kabla hatujahamia huku tuliishi miaka minne katika mji mmoja wa Ghuba, na siku ya Idi niliwapeleka watoto kutazama onyesho la pomboo. Watu walipiga makofi, watoto wangu wakafurahi. Onyesho lilipokwisha na watu wakaanza kutoka, nilimwona pomboo mmoja ameganda kwenye kona ya bwawa, kichwa kimeelekea ukutani, hatikisiki, akipanda kidogo tu kuvuta pumzi. Nilikaa pale mpaka mlinzi aliponiomba nitoke. Picha ile haijanitoka, na tiketi ile niliilipa kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nauliza: kwa nini wasifunguliwe? Na kama haiwezekani, je, waliotunga sheria walikosea kukataza kabla ya kutafuta mahali pa kuwapeleka?

Mwanabahari wa Tanga

Wa alaykum salaam, Mama Nasra. Swali la mwanao lilishajaribiwa kwa vitendo, na aliyejaribiwa nalo alikuwa orka dume aliyeitwa Keiko, kwa hiyo nitaanzia kwake. (Orka wengi huwaita nyangumi wauaji, ingawa kwa ukoo wao ni pomboo, wakubwa kuliko pomboo wote.)

Keiko alikamatwa mwaka uleule aliokamatwa Kiska, karibu na Iceland vilevile, akiwa bado mdogo wa takriban miaka miwili. Alipitia Marineland hiyohiyo ya Niagara, kisha mwaka 1985 akapelekwa katika bustani ya burudani ya Jiji la Meksiko, kwenye bwawa lililojengwa kwa kipimo cha pomboo wadogo na lenye maji ya uvuguvugu mno kwa mnyama wa bahari ya baridi. Ngozi yake iliota vipele. Mwaka 1993 ilitoka filamu aliyoigiza, inayohusu orka anayeachiliwa, na watoto wa nchi nyingi wakatuma fedha ili mwigizaji mwenyewe naye aachiliwe. Mwaka 1996 alihamishiwa Newport katika jimbo la Oregon, akatibiwa na akanenepa. Septemba 1998 akasafirishwa kwa ndege hadi ghuba ya Klettsvik nchini Iceland, akawekwa baharini ndani ya uzio wa wavu, na wakufunzi wakaanza kazi iliyo kinyume kabisa na ile waliyoizoea: kumfundisha kula samaki hai, kufuata mashua mpaka bahari kuu, na kuacha kumtazama binadamu kama chanzo cha chakula.

Kiangazi cha 2002 aliondoka. Aliogelea zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani ya Norwei, na alipofika huko akawatafuta watu. Aliingia kwenye ghuba nyembamba zenye vijiji, akawaacha watoto wapande mgongoni mwake. Alipokuwa bado Iceland aliwahi kuwakaribia orka wengine akabaki pembeni yao kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Alikufa kwa nimonia Desemba 2003, akiwa na umri wa takriban miaka 27, baada ya matumizi ya takriban dola milioni 20 za Marekani.

Wapo wanaosema kwamba kazi ile haikufaulu. Mimi naona Keiko alipata miaka mitano katika maji ya bahari halisi, yenye mawimbi na samaki na giza la kina kirefu, jambo ambalo Kiska hakulipata hata siku moja tangu alipokamatwa. Hata hivyo siwezi kumwambia mwanao kwamba ilitosha kufungua mlango, kwa sababu kilichoibwa kwa Keiko hakikuwa nafasi ya kuogelea peke yake. Katika makundi ya orka yaliyochunguzwa zaidi, yale ya pwani ya British Columbia na Washington, mwana haachi kundi la mama yake maisha yake yote, awe dume au jike. Kila kundi lina milio yake ambayo ndama huisikia na kuiiga kwa miaka mingi, na mama na bibi ndio wanaojua samaki wanapita wapi na katika majira gani. Ndama aliyechukuliwa akiwa na miaka miwili ameondolewa darasani kabla ya somo kuanza. Huwezi kumrudishia somo hilo kwa kumfungulia wavu akiwa mtu mzima.

Ili mwanao asikate tamaa, mweleze pia habari za Springer. Huyu alikuwa orka mdogo yatima aliyeonekana mwaka 2002 akirandaranda peke yake karibu na Seattle, amekonda na anaumwa. Walimtambua kwa milio yake: ilikuwa milio ya kundi la kaskazini, mamia ya kilomita kutoka pale alipokuwa. Alitibiwa kwa majuma machache ndani ya uzio baharini, akaepushwa na mazoea ya watu kadiri ilivyowezekana, akapelekwa kwa meli hadi mlango wa bahari wa Johnstone Strait ambako jamaa zake hupita, na siku iliyofuata wakapita. Alipokewa, akakua, na mwaka 2013 akazaa ndama wake wa kwanza. Tofauti kati yake na Keiko ni muda wa kifungo, na kuwepo kwa ukoo unaojulikana wa kurudishwa kwao. Urusi nayo, mwaka 2019, iliwaachilia orka 10 na beluga 87 waliokuwa wamebanwa kwenye vizimba vya ghuba ya Srednyaya wakisubiri kuuzwa nje. Hao nao walikuwa hawajakaa kifungoni miaka mingi.

Beluga wa Niagara hawako katika hali hiyo. Miongoni mwao wapo waliozaliwa humohumo bwawani, ambao hawajawahi kumkimbiza samaki hai wala kutafuta tundu la kupumulia chini ya barafu. Kuwafungulia mlango leo ni kuwaua polepole mahali tusipowaona.

Bi Rukia, Nice

Namshukuru Mwanabahari kwa maelezo yake. Niongezee ya huku, kwa sababu Ufaransa imejikuta katika hali ileile ya Kanada, na nadhani inajibu swali la pili la Mama Nasra.

Sheria yetu ni ya Novemba 2021, nayo inakataza maonyesho ya nyangumi na pomboo kuanzia Desemba 2026. Bustani ya Antibes, iliyo karibu na ninapoishi, ilifunguliwa mwaka 1970 na ikafunga milango yake kwa umma Januari 5, 2025. Humo walibaki orka wawili, Wikie aliyezaliwa humo mwaka 2001 na mwanawe Keijo aliyezaliwa 2013, pamoja na pomboo 12. Wenye bustani walitaka orka wapelekwe Japani, serikali ikakataa. Wakataka wapelekwe kwenye bustani nyingine iliyoko Tenerife, na mamlaka ya kisayansi ya Uhispania ikakataa, ikisema mabwawa ya huko hayafikii kipimo kinachotakiwa. Kwa hiyo mama na mwana wakaendelea kuzunguka katika mabwawa yanayochakaa, ndani ya bustani isiyo na mgeni hata mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sikubali kwamba sheria ilitangulia mno. Kama ingesubiriwa mpaka pawe na hifadhi, wangezaliwa wengine kumi katika muda huo wa kusubiri, na idadi ya wanaohitaji mahali ingekuwa kubwa kuliko ilivyo. Kukataza kuzalisha na kukamata ni sawa na kufunga bomba kabla ya kuanza kukausha sakafu. Kosa la sheria hizi ni jingine: ziliweka tarehe ya mwisho wa maonyesho bila kumlazimisha mwenye bustani, katika miaka yote aliyokuwa akiuza tiketi, atenge fungu la kuwatunza wanyama hao mpaka mwisho wa maisha yao. Matokeo yake ni kwamba faida ya miaka mingi ilikwenda kwa wenye bustani, na siku faida ilipokoma mzigo ukatupwa barabarani ili serikali na wahisani waugombanie.

Mahali pa kuwapeleka panaweza kutengenezwa, ingawa kazi yenyewe ni ngumu na ndefu. Juni 2019 beluga wawili wa kike, Little Grey na Little White, walitolewa kwenye bustani ya Shanghai wakapelekwa Iceland, katika ghuba ileile ya Klettsvik alikokuwa Keiko. Wametengewa eneo la mita za mraba 32,000 lililozungushiwa wavu. Waliingia baharini mara ya kwanza mwaka 2020, ikabidi warudishwe kwenye bwawa la ndani, na mwendo wao umekuwa wa namna hiyo, hatua moja mbele na nyingine nyuma. Huko kwenu Kanada upo mpango wa kujenga hifadhi kama hiyo kwenye ghuba moja ya Nova Scotia, na umekuwa ukitafuta vibali na fedha kwa miaka.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Tokitae, ambaye kwenye maonyesho aliitwa Lolita, alikamatwa Agosti 1970 katika ghuba ya Penn Cove, jimbo la Washington, akauzwa Miami, na akaishi katika bwawa lenye urefu wa mita 24, upana wa mita 11 na kina cha mita 6 tu mahali palipo na kina kirefu zaidi, wakati mwili wake mwenyewe ulikuwa na urefu wa takriban mita 6. Mwenzake, Hugo, alikufa mwaka 1980 baada ya kujigonga kichwa ukutani. Watu wa taifa la Lummi, wenyeji wa asili wa pwani alikotoka, walidai kwa miaka arudishwe nyumbani, kwa kuwa kwao orka ni jamaa. Machi 2023 makubaliano ya kumrudisha yalitangazwa. Alikufa Agosti 18 ya mwaka huohuo, safari ikiwa bado inaandaliwa, baada ya miaka 53 ya kifungo.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Naunga mkono kukomeshwa kwa maonyesho, lakini naomba tusiwaone wote waliofanya kazi kwenye mabwawa hayo kuwa wakatili. Springer aliyetajwa hapo juu aliokolewa na watu wa aina hiyo, wakiwemo wa nyumba ya viumbe wa bahari ya Vancouver, ambao walijua kipimo cha dawa na namna ya kumnyanyua orka bila kumvunja mbavu kwa sababu waliwahi kuwahudumia wengine kifungoni. Hata muda wa mimba ya orka, takriban miezi 17, ulithibitishwa kwa kuwafuatilia waliozaa mabwawani.

Pia niseme wazi, kwa mtazamo wa daktari, kwamba beluga 30 hawawezi kusubiri hifadhi ambayo haijajengwa. Ikiwa upo mradi mwingine wenye maji safi, madaktari na fedha, ambao hauwachezeshi wala kuwazalisha, kuwahamishia huko kwa muda ni bora kuliko kushikilia msimamo huku wanyama wakifa.

Mwanabahari wa Tanga

Daktari, kuhusu kuhamishwa kwa muda nakubaliana nawe kabisa, mradi sharti la kutowazalisha liandikwe kwenye kibali chenyewe. Kuhusu wafanyakazi pia nakubali, na ningependa waajiriwe wao kwanza katika hifadhi hizo, kwa maana wanawajua wanyama hao mmoja mmoja kwa tabia.

Ninachosita kukubali ni kwamba elimu kubwa ilitoka bwawani. Tunayoyajua kuhusu koo za orka yalianzia kwa Mkanada Michael Bigg na wenzake katika miaka ya 1970, waliokuwa wakipiga picha mapezi ya mgongoni kutoka kwenye mashua na kumtambua kila orka kwa alama zake. Kazi yao ndiyo iliyoonyesha kwamba waliodhaniwa kuwa maelfu walikuwa mamia tu, na kwamba wakamataji walikuwa wanamaliza watoto wa koo zilezile chache. Hadi leo jamaa wa Tokitae hawazidi 80. Springer asingetambulika ni wa nani kama kazi ile ya baharini isingefanyika.

Mjukuu wa Nahodha, Kizimkazi Mkunguni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naandika kutoka kusini mwa Unguja, ambako pomboo hawajawahi kuwekwa kwenye bwawa, na kwa kuwa watu wengi wakishaacha kwenda kwenye maonyesho huambiwa waje kuwatazama huku, naona nina wajibu wa kusema yanayotokea.

Babu yangu aliwavua pomboo. Wazee wa hapa walikuwa wakiwaua kwa ajili ya nyama, na zaidi kwa chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja katika miaka ya 1990, pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa, uvuvi ule ukakoma, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Nyumba yetu ya mawe ilijengwa kwa fedha ya boti za watalii, wala sitasahau fadhila hiyo.

Lakini njoo asubuhi ya msimu mkubwa uone. Wakionekana pomboo wanne, boti kumi zinawakimbilia, mashine zinanguruma, manahodha wanawakatia njia mbele, na wageni wanarushwa majini juu ya vichwa vyao. Wakizama na kuibuka mbali, mbio zinaanza upya. Watafiti waliofanya kazi katika ghuba hii wameandika kwamba pomboo wanapozungukwa na boti hupunguza muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula, na mama wenye watoto wachanga ndio wanaotaabika zaidi. Mama anayekimbizwa tangu saa moja hadi saa tano asubuhi ananyonyesha saa ngapi? Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka mitatu nilipokuwa kijana, na nilipewa bakshishi nzuri kwa kufanya hivyo.

Pamoja na hayo, wengi wananaswa na majarife yanayotegwa usiku kwa ajili ya samaki wakubwa, na kwa kuwa pomboo lazima apande juu kupumua, aliyenaswa hufa kwa kukosa pumzi. Mtu hawezi kulia kwa ajili ya pomboo wa Ulaya akanyamaza kuhusu jarife la jirani yake.

Sisemi watu wasije. Yule anayemwona pomboo akipita na mwanawe ubavuni, kwa hiari yake, akielekea anakotaka, ameona kitu ambacho bwawa haliwezi kumwonyesha. Ninachoomba ni aje kama mgeni.

Mama Nasra, Hamilton, Ontario

Nawashukuru nyote, na wewe Mjukuu wa Nahodha marahaba, mwanangu.

Jana usiku nilimsomea mwanangu habari za Keiko na Springer. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ikiwa Keiko alikuwa akiwafuata watoto wa Norwei kwa sababu alidhani ndio ukoo wake. Nilimwambia inawezekana. Leo tumemwandikia barua mbunge wetu, yeye na mimi, tukiomba mambo mawili: kwamba beluga wasiuawe, na kwamba serikali iwadai wenye bustani mchango wa matunzo yao kabla mali zao hazijauzwa.

Disemba ijayo tunatarajia kuja Unguja kumwona mama yangu, na watoto watataka kwenda Kizimkazi. Nimwulize nini nahodha kabla ya kulipa?

Mjukuu wa Nahodha, Kizimkazi Mkunguni

Mama, muulize mambo matatu pale ufukweni, mbele ya watoto. Je, atazima mashine au kuipunguza akiwa mbali na pomboo na kuwaacha wao wakaribie wakipenda? Je, atageuza boti akikuta nyingine zimeshawazunguka? Na je, atakubali msiingie majini kama kuna mama na mtoto? Akikwambia kwamba atahakikisha mnaogelea nao, mwachie boti yake umtafute mwingine. Mje mapema, kabla ya saa moja asubuhi, maji yakiwa yametulia na wageni wa hotelini hawajafika, na mkipitiwa na siku bila kumwona hata mmoja, msidai fedha irudishwe.